Aliye Juu Mngoje Chini: Tuliyoyaona Maporomoko Kumi na Manne

Waswahili tuna msemo wetu kwamba aliye juu mngoje chini. Aghalabu huambiwa mtu aliyelewa cheo au mali, apate kukumbuka kwamba iko siku atashuka. Lakini tangu nirudi kutoka Maporomoko Kumi na Manne, kule karibu na Thika, msemo huo umenibadilikia maana. Naona kwamba sisi watu wa Malindi, Mambrui, Kilifi na Mombasa ndio tulioko chini, na kwamba mengi yanayotupwa huko juu twayangoja hapa bila ya wenyewe kujua.

Safari yenyewe haikuwa ya kutafuta mashaka. Vijana wa mtaani kwetu Malindi walichanga fedha, wakakodi matatu, wakatualika na sisi watu wazima watatu ili, kama walivyosema, safari iwe na baraka. Mmoja wetu alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, baharia wa majahazi tangu ujana wake, ambaye sote humwita Ami. Huyu amevuka bahari mara nyingi kuliko alivyovuka mto, na maporomoko ya maji alikuwa hajayaona ila kwenye picha za kalenda.

Tuliondoka jioni, tukapita Mombasa, tukakata usiku kucha njia ya Nairobi, na asubuhi tukawa Thika. Kutoka hapo tulishika barabara ya Garissa, kisha tukakunja kuelekea mlima uitwao Ol Donyo Sabuk. Wenyeji wengine huuita Kilimambogo, jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani mbogo wangaliko mlimani humo hadi leo. Mlima huo una urefu wa mita 2,145 kutoka usawa wa bahari, na tangu mwaka 1967 umekuwa mbuga ya taifa.

MNAZI MZIMA WA MAJI

Maporomoko hayo huanza kusikika kabla ya kuonekana. Mvumo wake ulinikumbusha mawimbi yanapovunjika mwambani siku za kusi. Ami alisimama akatega sikio, akasema, "Huu ni mwamba unapigwa." Na kweli. Mto Athi ukifika hapo hutanuka, ukakuta ukingo mrefu wa majabali, ukagawanyika mikono mikono, kila mkono ukitafuta njia yake ya kuteremka. Mikono mingine huanguka kwa mara moja. Mingine hushuka ngazi kwa ngazi, ikitua juu ya jabali hili na kurukia lile. Kutoka juu hadi chini ni kiasi cha mita 27, yaani mnazi mkongwe mzima.

Mikono hiyo ndiyo kumi na minne iliyoyapa mahali hapo jina lake. Wakati wa mvua kubwa huungana ikawa pazia moja la maji ya udongo, na wakati wa kiangazi ndipo mtu aweza kuihesabu. Vijana wetu walihesabu. Mmoja akapata kumi na miwili, mwengine kumi na mitano, wakabishana hadi wakachoka. Nilifurahi kuwaona wakibishana juu ya jambo lisilo na hasara kwa mtu.

Mahali hapo hapakosi watu. Wako waendao kwa miguu, wengi wao wakitoka Nairobi, wenye mabegi mgongoni na fimbo mkononi. Hao huanza kwa kuupanda mlima, mwendo wa kama kilomita tisa hadi kileleni, wakipita kwenye kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi aliyezaliwa Marekani na kufariki mwaka 1925. Wakishuka, huja mtoni kupumzisha macho. Wako wenyeji wenye mashua za kuvushia wageni, na kina mama wauzao matunda na mahindi ya kuchoma. Na wako wapiga makasia.

Hawa wapiga makasia walimvutia sana Ami. Walikuwa vijana watatu, na juu ya gari lao wamefunga kayaki, yaani vimtumbwi vyembamba vilivyofunikwa juu, ambamo mtu huingiza miguu na kiuno akawa kama aliyeshonewa humo. Kasia lake lina bapa huku na huku. Chombo kikipinduka, aliyemo hashuki. Hujipindua upya kwa kasia na kiuno, akaibuka upande wa pili. Ami aliwauliza kila kitu, toka uzito wa chombo hadi namna ya kuusoma mkondo wa maji yaendayo kasi. Mwisho akawauliza swali la kibaharia: "Na mkipinduka, wanangu, maji hayawaingii?"

Mmoja wao akacheka. "Tunafunga mdomo, mzee. Mto huu tunaupenda, lakini hatuunywi."

Jibu hilo lilitufanya tuutazame mto kwa macho mengine.

POVU

Kutoka mbali tulikuwa tumeusifu weupe wa maji yale. Tulipokaribia tuliona kwamba weupe wote haukuwa wa maji. Chini ya maporomoko, mahali maji yanapotulia baina ya majabali, palikuwa na povu limejikusanya mafungu mafungu, zito, lisilovunjika upesi, mfano wa povu la beseni la nguo. Upepo ulipovuma uliyachukua mafungu hayo ukayabandika juu ya majani. Na palikuwa na harufu. Ami alivuta pumzi akatikisa kichwa. "Mto hunuka tope na majani," akasema. "Hii siyo."

Ikaingia adhuhuri. Tukateremka mtoni kutafuta pa kutawadhia. Hapo likatokea jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ami aliinama, akachota maji kwa kitanga cha mkono, akayatazama, akayanusa, kisha akayamwaga taratibu. Akarudi garini, akalitoa dumu la maji tuliyokuja nayo kutoka nyumbani Malindi, akatawadha kwa hayo. Nasi sote tukafuata. Watu kumi na mmoja tumesimama kando ya mto mkubwa unaonguruma, twagawana dumu moja la maji kama wasafiri wa jangwani.

Sikusudii kutoa fatwa. Hiyo ina wenyewe. Lakini kila aliyesoma chuoni kwetu Pwani anakumbuka somo la maji, ambalo ni katika masomo ya mwanzo kabisa. Maji yakiwa mengi, kufikilia kulatein, hayaharibiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Tulipokuwa wadogo somo hilo tulilipigia mifano ya kisima na birika. Mto tuliona hauna haja ya mfano, kwani nani ataweza kuugeuza mto? Leo mzee wa miaka mingi amesimama mbele ya mto mzima, akasita.

MAPOROMOKO HAYAFICHI

Yafaa tufahamu kwa nini povu lile laonekana pale zaidi kuliko kwengineko. Mto ukipita tambarare huficha siri zake. Maji hutulia, uchafu ukazama au ukayeyuka, na mtu apitaye darajani huona maji tu. Lakini maji hayo yakipigwa mwambani na kuchanganyika na hewa, sabuni iliyomo ndani yake haina budi kutoka povu, kama itokavyo tunapofua. Ni kweli kwamba hata mto safi hufanya povu kidogo kwa sababu ya majani yaliyooza. Lakini hilo ni jepesi na harufu yake ni ya majani. Maporomoko, kwa hiyo, ni kama shahidi. Hayo hayakuutia mto uchafu. Tena yanausaidia, maana kule kupigwa na kuchanganyika na hewa ndiko kunakoyarudishia maji pumzi ambayo samaki huihitaji. Kazi yao ni kusema tu yaliyomo.

Na yaliyomo yatoka wapi? Mto Athi hupokea Mto Nairobi kabla ya kufika kwenye maporomoko hayo. Jiji la Nairobi lilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na jina lake latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 lilikuwa na watu kiasi cha milioni 4.4. Wengi wao wanaishi katika mitaa isiyo na mabomba ya majitaka, na vijito vipitavyo mitaani humo ndivyo vimekuwa mifereji yao. Viko viwanda, ziko gereji, na liko jaa kubwa la Dandora kando ya mto wenyewe. Mafuta, sabuni, choo na takataka hukutana humo, na mto huvichukua vyote, kwani mto haukatai mzigo.

DUMU LETU

Sasa tuufuate mto huo uendako. Kutoka maporomokoni Athi hushika njia ya kusini-mashariki, ukipita chini ya uwanda wa Yatta, katika nchi kavu ya Ukambani, hata ukaingia Tsavo. Humo hukutana na Mto Tsavo, ambao hupokea maji safi ya chemchemi za Mzima, zile zile zinazoleta maji Mombasa kwa bomba. Kuanzia hapo mto huitwa Galana. Hushuka kwenye majabali yaliyochongwa na maji, yaitwayo maporomoko ya Lugard, kwa jina la Mwingereza aliyeifuata njia ya mto huu kutoka Pwani kwenda bara mwaka 1890. Kisha huelekea kwetu, ukabadilisha jina mara ya pili. Ukaitwa Sabaki.

Nadhani msomaji ameshaanza kuona niendako. Kando ya Sabaki, mahali paitwapo Baricho, kuna visima vilivyochimbwa katika mchanga wa ukingo wa mto. Maji yake ndiyo yanayosukumwa hadi Malindi na Kilifi, na sehemu yake ikafika Mombasa. Lile dumu ambalo Ami alilitegemea, akaukimbia mto kwa ajili yake, lilijazwa kwa maji ya bomba la Malindi. Tulikuwa tumeyabeba maji ya Sabaki usiku kucha hadi Thika, tukaja kutawadhia kando ya Athi, tukijiona tumeyaepuka maji ya mto ule. Kumbe mto ni mmoja.

Nisieleweke vibaya. Maji ya Baricho huchujwa na mchanga, hutiwa dawa, na kabla ya hapo mto umekwenda mwendo mrefu juani, na mto ukiachwa hujisafisha kwa kiasi chake. Simwambii mtu aogope bomba lake. Nasema kwamba kujisafisha kwa mto kuna mpaka. Viko vitu ambavyo havioki juani wala havilizi na samaki, kama madini mazito ya viwandani, ambayo hugandamana na tope yakasafiri nalo. Na tope la Sabaki twalijua. Kila mwaka wa mvua nyingi bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matofali, na wavuvi wetu huenda mbali zaidi kutafuta maji mangavu.

Hata matumbawe yameliandika jambo hilo. Wataalamu walilikata tumbawe kongwe katika bahari ya Malindi, wakasoma tabaka zake kama mtu asomavyo pete za mti. Katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2007 walieleza kwamba kwa miaka mia mbili, toka 1700 hadi 1900, udongo ulioletwa na Sabaki haukubadilika sana; lakini tangu kiasi cha mwaka 1910 umekuwa ukizidi, kwa sababu ya ardhi ya juu kulimwa na kuachwa wazi. Tumbawe halina ugomvi na mtu. Limeandika kilicholifikia.

KWA WASEMAO "YATUHUSU NINI?"

Nilipoyasimulia haya barazani, mmoja alinijibu kwa methali: bahari haivundi. Methali hiyo ilikuwa kweli siku za wazee wetu, ambapo kilichotupwa baharini kilikuwa ganda la nazi na miba ya samaki. Wazee hao hawakujua mfuko wa plastiki. Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti mwaka 2017, haikuwa kwa sababu bahari imeshindwa kuvunda, bali kwa sababu mifuko yenyewe haivundi.

Mwengine akasema hayo ni mambo ya bara, sisi yatuhusu nini? Huyo nilimwambia ayafunge maji ya bomba lake kwa wiki moja, kisha anijibu.

Wa tatu alisema neno zito zaidi, nami silidharau. Alisema hata sisi wenyewe hatuna mikono safi. Majitaka mengi ya miji yetu ya Pwani huishia baharini bila ya kusafishwa, na takataka tunazitupa makokoni na fukweni kwa mikono yetu. Ni kweli, na nyani haoni kundule. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani, na kivulini ambapo watu hupumzika, katazo hilo halikutofautisha mtu wa juu na wa chini. Anayetaka kumsemesha jirani yake wa juu na aanze kwa kufagia kizingiti chake.

Lakini kuwa na kosa letu hakutunyimi haki ya kusema. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata bila ya kuthibitisha kwamba yeye au mwengine amepata hasara. Nasi tunao mfano wa nyumbani. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri, walishitaki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ikapinduliwa kwenye rufani, na mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao. Hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa watu waliokataa kungoja.

Wala tusidhani kwamba mto ukichafuka ndiyo basi. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, alisimamia kusafishwa kwa Mto Nairobi, na mahali palipokuwa jaa pakageuka bustani yenye jina lake. Kazi hiyo haikuendelezwa kama ilivyotakiwa. Mwaka 2025 Serikali imezindua tena mpango wa kuuhuisha mto huo. Ni jambo la kushukuriwa, lakini nauliza: katika mpango huo, ni nani aliyeulizwa wa Malindi? Mto ukitengenezwa kwa ajili ya wanaouona tu, utang'arishwa pale unapopita mjini, na mbele ya hapo ukaachwa. Serikali za kaunti ambazo mto huu unapita, toka Kiambu na Nairobi, kupitia Machakos, Makueni na Kitui, hadi Kilifi, zapaswa kuketi meza moja, na wa mwisho katika mto wawe wa kwanza kusikilizwa, kwani wao ndio wanaopokea hesabu yote.

Na ninyi mnaokwenda kutembea, nendeni. Sisemi msiende, mahali pale ni pazuri, na wenye mashua na kina mama wa mahindi wategemea miguu yenu. Vaeni viatu visivyoteleza, kwani majabali yale yana ukungu wa utelezi na maji ya chini yana kina. Msiache nyuma yenu hata chupa moja. Na mkishapiga picha zenu, shukeni hadi chini, mtazame povu lile kwa makini, kisha mwulizeni diwani na mbunge wenu maji hayo yanakwenda wapi. Wale vijana wa kayaki wanaujua mto huo kwa pua na macho yao; watu kama hao ni mashahidi wazuri kuliko ripoti zinazolala makabatini.

Tuliporudi Malindi, Ami aliniomba nimpeleke hadi darajani Sabaki, njia ya kwenda Mambrui. Maji yalikuwa mekundu, yamepoa, hayana povu wala mvumo, na ndege wamejaa kwenye fungu la mchanga. Asiyejua angesema ni mto mwengine kabisa. Ami aliutazama kitambo kirefu.

"Umechoka," akasema. "Njia nzima umebebeshwa mizigo ya watu."

Wazee walisema aliye juu mngoje chini. Kwa mtu mwenye kiburi, sawa, mngojeni. Lakini kwa mto, tukimngoja aliye juu, kitakachotufikia ni kile alichokitupa. Heri tupande kwake tukamwambie.